Washenga Waliokwenda Lakeville

Kazi ile haikuwa na mshahara, na labda ndiyo maana mjukuu wangu Tumpe aliifanya kwa moyo kuliko ile ya dukani iliyomlipa. Yeye na wenzake wawili walisimama nyuma ya meza kwenye ukumbi wa chuo, upande ule wa Minneapolis unaotazama mto, wakiwaeleza wanafunzi wenzao kwamba mtu anaweza kuchukua muhula mmoja akaenda kusoma Ulaya, na mwanafunzi wa huko akaja kukaa kwenye nafasi yake hapa. Mnabadilishana. Ada unalipa hapa hapa, alama za kule zinahesabiwa hapa, na ukimaliza unarudi kuendelea ulipoachia. Ureno, Ujerumani, Ufini, Uholanzi, kote huko milango ilikuwa wazi. Tumpe mwenyewe alikuwa ametoka Ufini. Alirudi na mazoea mawili, kula samaki asubuhi na kunyamaza anapoulizwa jambo zito.

Mimi nilikuwa nakaa kwa baba yake, mwanangu Jairus, mjini Saint Paul. Jairus alikuwa ameniita kutoka Tukuyu nije nimsaidie kulea watoto wadogo, wakati yeye na mkewe wanapokezana zamu za hospitali huko Maplewood. Wadogo wakakua wakaanza shule, nikabaki na mchana mrefu na dirisha lililojaa theluji. Siku moja Tumpe akaniambia nivae viatu vya baridi, twende nikaione meza yao.

Nikaenda. Wakanipa kiti cha kukunja nikaketi pembeni, na kwa kuwa sikuwa na haraka ya kwenda popote, nikatazama. Lois, msichana wa Kizungu mzaliwa wa Minnesota, mwepesi wa kucheka, ndiye aliyekuwa akiwaita wapita njia. Alikuwa amesoma Ureno, na tangu hapo haongei bila mikono yote miwili. Walter, kijana wetu wa Machame, mrefu na mpole, aliyesoma Ujerumani, alikuwa akinyoosha karatasi zikae sawa kama kwamba kuna mkaguzi anakuja. Tumpe alishika bakuli la peremende. Watoto wa Kizungu walikuja, wakauliza, wakabishana naye, wakaandika majina yao. Watoto wetu nao walikuja, Watanzania, Wakenya, Waganda. Walipokea karatasi kwa mikono miwili, wakasikiliza mpaka mwisho, wakashukuru, wakachukua na peremende. Kila mmoja akasema atafikiria. Tumpe aliniambia kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu majani yalipoanza kupukutika, na hakuna hata mmoja wa watoto wetu aliyerudi.

Siku ile ile nikiwa pale, alikuja binti mmoja nikamfahamu, maana tulikuwa tukikutana kwenye sherehe za Watanzania. Aliitwa Valentina, mtoto wa kwanza wa Mzee Anselm wa Lakeville, na alikuwa akisomea uhandisi wa maji. Alisimama mbele ya picha ya Uholanzi, ile inayoonyesha ukuta wa udongo, bahari iko juu upande huu na ng'ombe wanakula majani chini upande ule. Akauliza maji yanayopenya wanayatoaje. Akauliza tena pampu zikizimika inakuwaje. Lois akaona amepata mtu. Akamweleza kwamba chuo kimoja cha huko kimetoa nafasi moja tu kwa mwanafunzi wa maji, na mwisho wake ni Jumatatu ya juma lijalo. Asipopatikana mtu hapa, itapelekwa chuo cha jimbo jingine.

Valentina aliishika ile karatasi mpaka ikajikunja.

"Nitafikiria," akasema.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa chini, namtazama usoni kwa kutokea chini, na nikaona yule mtoto hana cha kufikiria. Alikwisha kuamua tangu alipowaona wale ng'ombe. Akaondoka na kichwa amekiinamisha. Lois akakunja mikono, akamuuliza Tumpe kuna shida gani na watu hawa, binti ni mtu mzima, kalamu ipo, si aandike jina lake tu.

Jioni walikuja wote watatu nyumbani, wakakaa jikoni kwangu wakila maharage na huzuni. Nikamuuliza Tumpe, wewe Ufini ulikwendaje? Akajibu kwamba aliomba. Nikamuuliza aliomba kwa nani. Hapo akanyamaza Kifini chake, maana alikuwa amekumbuka. Kabla hajafungua mdomo wake mbele ya baba yake, mimi nilikuwa nimekwisha kuzungumza na Jairus jioni nyingi, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku mtoto alipoomba, baba alidhani lile wazo ni la kwake mwenyewe.

"Mtoto wetu akikwambia nitafikiria," nikawaambia, "maana yake ni kwamba ana wenyewe. Ninyi mnazungumza na mtoto. Wenyewe hamjawabishia hodi."

Tumpe akamtafsiria Lois. Lois akauliza, basi meza tuiweke wapi? Nikacheka. Nikamwambia hakuna meza. Mtu akitaka kitu cha thamani kutoka nyumba ya watu, anakifuata nyumbani kwao, amevaa vizuri, akiwa na mtu mzima wa kumsemea. Hata mbuzi haombwi njiani.

Walter akatikisa kichwa. Alisema baba yake Valentina si wa kuchezea. Mzee Anselm alikuwa Mhaya wa Bukoba, mhandisi, mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania, na Krismasi iliyopita alisimama mbele ya watu akasema mambo haya ya kubadilishana masomo ni utalii wa vijana wa Kizungu. Hakuna mtoto wake, alisema, atakayeacha chungu chake jikoni akaenda kunusa cha jirani. Wazazi wote walimpigia makofi. Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi kwetu sote pale jikoni. Mzee yule akikubali, Valentina anakwenda, na nyumba zote zinafunguka nyuma yake. Akikataa, binti anapoteza nafasi yake, na Tumpe na wenzake wasijisumbue tena na watoto wetu.

Nikachukua simu nikampigia mkewe, Mama Ephrasia. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana baridi, magoti na wajukuu. Kisha nikamwambia kwa adabu, kama nilivyofundishwa, kwamba nina vijana wangu hapa, wana neno kuhusu binti yenu Valentina, na si neno la kusema kwenye simu. Tunaomba siku tuje kubisha hodi.

Mama Ephrasia akaniuliza huyo kijana ni nani. Nikamwambia wapo kadhaa, ila anayenileta ni Walter, kijana wa Machame, mpole, anasali. Gari lilikuwa la Walter, nami niliona ni haki kumsifu mwenye gari. Akasema, basi Mama Keziah, njooni Jumamosi mchana, mtupe nafasi tuwaite wazee.

Nikakata simu nikawaambia vijana, mnaona? Watu wa Bukoba wana heshima. Kwa jambo la shule tu wanaita wazee.

Jumamosi nikawapanga. Walter nilimvalisha suti. Tumpe na Lois nikawapa vitenge, na Lois nikamfundisha kupiga goti na kusema shikamoo, akafanya mazoezi mbele ya jokofu mpaka ikawa inamtoka vizuri. Kwa kuwa mikono mitupu haibishi hodi, nilibeba kitenge kipya cha mama wa nyumba, sukari, na majani ya chai ya Tukuyu niliyokuwa nimeyaficha kwa ajili ya jambo kubwa. Nikavifunga vyote kwenye kanga nzuri. Tukaishika barabara ya kusini, theluji imelala pande zote mbili kama unga uliomwagika, mpaka zile nyumba mpya za Lakeville zinazofanana kama mapacha.

Nyumba ya Mzee Anselm haikuhitaji kutafutwa. Magari yalikuwa yamejaa mpaka barabarani.

Tumpe akasema labda kuna msiba. Walter akasema msiba hauna muziki, na ndani muziki ulikuwepo. Mlango ukafunguliwa kabla hatujabisha, na Mama Ephrasia akatupokea amevaa kama siku ya Pasaka. Alipokea lile furushi langu la kanga kwa mikono miwili, akalipima uzito, akalipeleka ndani bila kulifungua. Nyuma yake walikaa akina mama, na sebuleni wazee wamejipanga kwenye makochi. Katikati yao alikuwa Mzee Anselm, na kuume kwake kaka yake mkubwa, Mzee Valerian, anayekaa Shakopee, mtu mnene mwenye sauti ya padri. Lois akapiga goti akatoa shikamoo yake, na wale mama wakaguna kwa raha. Valentina sikumwona.

Tukaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kwao, kila mgeni akachukua punje. Halafu Mzee Valerian akaanza kumuuliza Walter maswali. Baba yake ni nani. Mama yake katoka ukoo gani. Katika ukoo wao kuna mwiko wa mnyama gani. Kuna ugonjwa wowote wa kurithi? Walter akajibu yote kwa unyenyekevu, akidhani ndiyo mazungumzo ya Kihaya. Shangazi mmoja akaja kumsimamisha, akamzunguka, akasema urefu upo, nyama ndiyo hakuna.

Hapo ndipo nilipoelewa. Punje ya kahawa ikanikwama shavuni. Nikakumbuka kila neno nililosema kwenye simu. Kijana mpole, anasali, ana neno kuhusu binti yenu, tunakuja na mtu mzima. Nikatazama suti ya Walter. Nikalikumbuka furushi. Sasa nikajua kwa nini Valentina hayupo sebuleni, maana binti anayeposwa hakai mbele ya washenga. Walikuwa wamemfungia juu.

Tumpe naye akaelewa. Nikamwona anavuta pumzi ya kusema, nikamwekea mkono gotini. Wazee walikuwa wamekwisha kuanza, na wazee wakianza hawakatizwi. Ngoja, nikamwambia kwa mkono. Mimi nimengoja mvua, nimengoja viza, nimengoja watoto wa watu wakue. Kungoja mzee amalize kusema haikuwa kazi.

Mzee Valerian akakohoa. Akasema kwa desturi wageni ndio hutangulia kusema, lakini mwenye nyumba ameomba atangulie yeye, kwa sababu ametuheshimu na hapendi tutandaze maneno yetu mbele ya watu halafu ayakunje. Mzee Anselm akasimama. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani.

"Mama Keziah," akasema, "nakuheshimu. Na kijana huyu sina ubaya naye, nimeulizia, wote wananiambia ni mtu mzuri. Lakini binti yangu anasoma. Sikumlea awe mke wa mtu kabla hajamaliza. Masomo kwanza. Masomo yakimwita, yakimwitia hapa, yakimwitia mwisho wa dunia, mimi baba yake nitampa baraka na nitamsindikiza. Hilo nalisema mbele ya kaka yangu na ukoo wangu. Lakini ndoa, hapana. Mtusamehe."

Akakaa. Akina mama wakanung'unika kwa kukubali, na mmoja wao akafuta machozi. Walter alikuwa amepaliwa na kahawa, Lois anampiga mgongoni bila kujua kwa nini.

Nikasimama taratibu, maana magoti ya Tukuyu hayaipendi Minnesota.

"Baba Valentina," nikasema, "ndaga, asante. Umetujibu kabla hatujauliza. Sisi hatukuja kuoa. Huyu Walter hata soksi zake hajui kufua, nani amtafutie mke? Tumekuja kuomba Valentina akasome. Masomo yamemwita, na yamemwitia Uholanzi."

Mzee Valerian akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda kifuani, mpaka yakamtoka machozi, na kila alipojaribu kunyamaza akimtazama Walter kicheko kilimrudia. Shangazi aliyemzunguka Walter akajifunika uso kwa kanga. Kisha wote wakacheka, isipokuwa mwenye nyumba.

Yeye alikuwa amekwenda dirishani, ametupa mgongo, anatazama theluji. Mzee Valerian akamwambia, mdogo wangu, neno umelitoa mwenyewe mbele ya ukoo. Mzee Anselm hakugeuka. Akasema tu kwamba tumemtega.

"Mtego hutegwa na anayejua mnyama atapita wapi," nikamwambia. "Mimi nilikuja kunywa chai na kuomba. Kosa la simu ni langu. Kama neno lako linakuuma, lirudishe. Hatutakwenda kulisimulia."

Nilisema kweli. Binti anayeondoka bila baraka ya baba yake huwa haendi mbali hata akivuka bahari, na sikutaka Valentina aende kwa ujanja.

Ndipo akageuka. Hakuzungumza na mimi, alizungumza na sakafu. Alisema aliondoka kwao Kamachumu akiwa kijana, ameambiwa ni miaka minne. Mama yake alimfungia ndizi za kuchoma kwenye jani, akamwambia miaka minne si mingi. Miaka minne ikazaa shahada nyingine, shahada ikazaa kazi, kazi ikazaa nyumba hii. Mama yake alikufa yeye yuko hapa anafanya mtihani. Hakumzika. Alisema yeye anajua maana ya muhula mmoja. Muhula ni mlango, mtu akipita hajulikani atatokea wapi. Valentina ni mtoto wake wa kwanza.

Mama Ephrasia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Nadhani hata yeye hakuwa amewahi kuyasikia yote yale kwa pamoja.

Tumpe akaomba ruhusa aseme. Alimweleza kwa Kiswahili safi, na mimi nikajisifu moyoni, kwamba Ufini alikaa kwa mama mmoja mwenye familia, akapiga simu nyumbani kila Jumapili, na muhula ulipokwisha akarudi kama alivyoahidi, alama zake zote zikahesabiwa. Lois naye akasema kwa lugha yake, Tumpe akitafsiri, kwamba yule mama aliyempangisha chumba Ureno alikuwa akimwandikia mama yake hapa Minnesota, kila mmoja kwa lugha ambayo mwenzake haijui, na mpaka leo wanaandikiana. Watu wakatabasamu. Mzee Anselm alisikiliza, lakini uso wake haukufunguka.

Nikaona kwamba zamu ni yangu. Nikaenda nikasimama karibu naye pale dirishani.

"Mwanangu, mimi ndiye yule mama wa kwenye hadithi yako. Jairus wangu niliambiwa miaka minne. Nikamfungia ndizi. Miaka ikapita ishirini kasoro, ikanizeesha. Lakini hakuna siku hata moja niliyosema laiti ningemzuia. Mama yako alijua miaka minne inaweza kuzaa mingine. Wamama wote tunajua. Alikufungulia mlango huku anajua. Usiufunge wewe, mlango aliofungua yeye."

Mzee Anselm alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Halafu akamwambia mkewe amwite Valentina.

Binti akateremka ngazi. Wamama walikuwa wamempamba, masikini, kitambaa cha hariri na mafuta usoni, na alikuwa amelia. Huko juu alikuwa amekaa muda wote akidhani anaozwa kwa Walter. Alipomwona Walter akamkazia macho, na Walter akainua mikono kama mtu aliyekutwa shambani kwa watu. Baba yake akamuuliza kama ni kweli anataka kwenda Uholanzi. Valentina akatutazama mmoja mmoja. Akamtazama Lois, Lois akaitikia kwa kichwa kwa nguvu mpaka kilemba kikamlegea.

"Ni kweli, Baba," akasema. "Nilikuwa naogopa kukuomba. Wale watu wanaishi chini ya bahari na hawazami. Nataka kuona wanavyofanya kwa macho yangu, halafu nirudi kumalizia hapa. Nikikwambia nitarudi, nitarudi. Mimi siahidi miaka minne kama ile yako. Naahidi muhula mmoja."

Mzee Valerian akasema, huyu ni mtoto wako, hata majibu ni yako.

Na hapo uso wa yule baba ukafunguka. Sijui nieleze vipi. Ulifunguka kama mtu anayetua mzigo aliokuwa ameusahau begani. Alisema mate aliyoyatema hayalambi. Akamwekea binti yake mkono kichwani, akambariki kwa Kihaya, maneno marefu ambayo mimi sikuyajua lakini wenyewe waliyaitikia kila kituo. Alipomaliza, Mama Ephrasia akapiga kigelegele na mwiko wake ukiwa juu, na akina mama wote wakakipokea. Nami nikatoa cha kwetu Tukuyu, wakakipokea hicho pia. Lois akajaribu, akatoa sauti ya bata, tukakipokea vilevile.

Ndizi na nyama zilizopikwa kwa ajili ya kukataa posa tukazila kwa ajili ya Uholanzi. Shangazi akamjazia Walter sahani mara mbili, akasema mkwe au si mkwe, mtu mwembamba hivi hatoki kwake na njaa. Kabla hatujanawa mikono, Mama Ephrasia alikuwa kwenye simu ya jikoni, kamba yake imevutwa mpaka sebuleni, anamweleza mwenzake wa chama kwamba Valentina anakwenda kusomea maji ya bahari, na kwamba kama na wao wanamtaka Mama Keziah na vijana wake, wapange siku mapema. Akapiga ya pili. Ya tatu wakapiga watu wenyewe, wakiuliza kama Ujerumani wanafundisha udaktari wa mifugo. Walter akaitwa kujibu, mdomo umejaa ndizi.

Jumatatu Lois alitusubiri kwenye mlango wa ofisi ya chuo inayoshughulikia mambo hayo. Alikuwa amemtarajia Valentina peke yake, na kalamu. Valentina alifika na baba yake, aliyeomba ruhusa kazini, na mama yake, na Mzee Valerian na mkewe, na shangazi, na mimi, na Tumpe, na Walter aliyeegesha magari. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, chenye viti viwili na ua la plastiki. Mama wa Kizungu wa ofisi ile akatutazama tunavyoingia tunaendelea kuingia. Akauliza kwa upole kuna tatizo gani. Mzee Anselm akamwambia hakuna tatizo lolote, sisi ni watu wa Valentina.

Yule mama akasema inatosha sahihi ya mwanafunzi mwenyewe.

"Aandike," akasema Mzee Anselm. "Sisi tumekuja kuona."

Tukasimama ukutani, wengine ukumbini wakichungulia mlangoni. Valentina akakaa, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu. Alipoinua kalamu Mama Ephrasia hakujizuia, na kigelegele kile kikatoka mlangoni kikakimbia ukumbi mzima. Milango ikafunguka huko na huko. Watu wakatoa vichwa. Mwalimu mmoja mzee mwenye mvi akasimama na kikombe chake, akatutazama, kisha akakiweka chini sakafuni na kuanza kupiga makofi, bila kujua anampigia nani.